Mashine ya bar 150 na rimu zilizoparara: maji yanakulaje chuma?

Swali: "Shikamoo mhandisi. Naosha magari hapa Tanga, nina mashine ya presha ya bar 150 na maji yangu ni ya kisima. Wiki mbili zilizopita mteja kanijia juu, anadai mashine yangu imekula rimu zake za aloi, zimeparara na zina vidoti vyeupe. Mimi nilijua maji hayali chuma, lakini kijana wangu akanionyesha video ya maji yanakata bamba la chuma kama mkate. Sasa nauliza: maji yangu yanaweza kula chuma au hayawezi? Na nikifunga nozeli ya tundu dogo zaidi, nikachanganya na mchanga, si nitakata mabamba? Mafundi wa mageti wako hapa jirani, wateja ninao. Mashine yenyewe siku hizi imepungua nguvu kidogo, ila bado inaosha."

Marahaba. Sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyonifanya nikujibu kwa kirefu. Umeitupia pale kama kitu cha kupita tu, kumbe humo ndimo lilimo jibu la swali lako. Hapo kwako chuma kinaliwa kweli, tena kila siku unapowasha mashine. Nitafika huko, ila kwanza tuzungumze habari ya maji matupu, yasiyo na kitu ndani.

Mashine ya bar 150 ya saizi hiyo kwa kawaida hutoa kama lita 8 kwa dakika. Angalia kibao chake ubavuni. Maji yanatoka kwenye nozeli kwa mwendo wa karibu mita 173 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Ukisikia hivyo unadhani lazima kitu kipasuke. Lakini mkondo wa maji ukishagonga bamba na kuanza kutawanyika pembeni, unalisukuma kwa bar 150 zilezile, basi. Chuma cha kawaida cha ujenzi hakianzi kubonyea mpaka mkazo ufike karibu bar 2,500. Ni kama kumsukuma tembo kwa bega: unajichosha, yeye anakutazama tu.

Hesabu ingeishia hapo, ningekwambia maji hayali chuma na tungeagana. Tatizo ni tone.

Tone linapogonga, kwa kitambo kidogo mno, sehemu moja ya milioni ya sekunde hivi, maji yake hayajapata nafasi ya kukimbilia pembeni. Yamebanwa kati ya chuma na maji mengine yanayokuja nyuma, na yanapiga kama nyundo. Unaijua sauti hiyo: mtu akifunga bomba ghafla, ukutani kunalia "dup". Nguvu ya pigo hilo unaipata kwa kuzidisha uzito wa maji kwa ujazo wake (kilo 1,000 kwa mita ya ujazo), mwendo wa sauti ndani ya maji (karibu mita 1,480 kwa sekunde) na mwendo wa tone lenyewe. Kwa mita 173 kwa sekunde jibu linakuja kwenye bar 2,500 hivi. Mashine ileile, maji yaleyale, lakini pigo la tone limezidi msukumo wa mkondo zaidi ya mara kumi na tano. Wahenga walisema chururu si ndondondo, wakaisifu chururu. Kwa chuma ndondondo ndiyo inayouma.

Wanaolijua hili kwa machungu ni watu wa turbini za mvuke, mitambo ya mapanga inayozungushwa na mvuke kuzalisha umeme. Mvuke ukikaribia mwisho wa safari yake ndani ya turbini unaanza kuwa na matone, na ncha za mapanga ya hatua ya mwisho zinakwenda mamia ya mita kwa sekunde. Panga linayapiga matone hayo mchana na usiku, na baada ya miaka ukingo wake wa mbele unakuwa na meno kama msumeno. Ndiyo maana watengenezaji wengi huuvisha ukingo huo kipande cha Stellite, aloi ngumu ya kobalti. Maji matupu hayo, hakuna mchanga hata chembe.

Kuna na njia ya pili ambayo majirani zako wa gereji wameishika mikononi. Waombe wakuonyeshe slivu kuukuu ya injini ya lori la dizeli, ile inayokaa moja kwa moja ndani ya maji ya kupoza. Igeuze utazame upande wa nje. Mara nyingi utakuta mstari wa vitobo, vidogo, virefu kwenda ndani, kana kwamba mtu amekaa na sindano akidunga kwa subira. Vikifika upande wa pili, maji yanaingia kwenye silinda na injini imekwisha. Fundi atakwambia ni kutu. Kutu imo, lakini kilichoanza ni viputo. Pistoni ikiipiga slivu, slivu inatetemeka, maji yanayoigusa yanavutwa mpaka yanaachana na kutoa viputo vya mvuke, kisha viputo vinajifinya na kufa palepale ukutani. Kila kimoja kinapokufa kinatoa pigo. Mwaka 1917 mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh, alikokotoa presha inayozaliwa kiputo kinapojifinya, kwa sababu propela za meli zilikuwa zinaliwa na watu hawaelewi na nini. Kulenti sahihi ina dawa ya kuweka utando kwenye slivu. Dereva anayejaza maji ya bomba matupu kwa kubana matumizi anakuja kuilipia kulenti hiyo kwa bei ya injini.

Kwa hiyo ndiyo, maji matupu yanakula chuma. Lakini yanakula kwa kuchosha: pigo, pigo, pigo, mara mamilioni, mpaka uso unachoka, unapata nyufa, na kipunje kinang'oka. Muda mchache anaopita mtu wako na bunduki mbele ya rimu hauwezi kufanya kazi hiyo. Kama hutaki kuamini hesabu, waamini wanaosafisha meli. Kwenye madoki kuna mashine za maji za zaidi ya bar 2,100, mara kumi na nne ya yako. Zinang'oa kutu na matabaka yote ya rangi mpaka chuma kinabaki uchi, na mkaguzi akipitisha kipimo anakuta mikwaruzo ileile iliyoachwa na mchanga wakati meli inajengwa. Maji hayakuongeza hata mkwaruzo mmoja.

Sasa rimu za mteja. Sikuziona, kwa hiyo sitakutetea kipofu. Aloi ile ni alumini, na juu yake kuna lakeri nyembamba inayong'aa. Jiwe au chuma cha kutolea tairi kikiikwangua, chumvi inaingia, na Tanga chumvi mnaivuta hata kwa pua. Alumini inaanza kuota unga mweupe chini ya lakeri. Bunduki yako ikija, maji yanapenya kwenye ufa na kuibandua lakeri iliyokwisha kuachia, na mteja anaona leo kitu kilichoanza zamani. Tazama hivi: vijistari vyeupe vinavyotambaa kama minyoo chini ya lakeri, hiyo ni chumvi, huna kosa. Rimu nzima imepauka sawasawa bila mng'ao, nitaishuku sabuni. Sabuni kali zenye kostiki soda zinaila alumini haraka kuliko presha yoyote uliyonayo, na baadhi ya dawa za rimu ni asidi. Ukikuta mkanda uliopauka, upana wake sawa na mpigo wa nozeli, hapo mtu wako aliisogeza bunduki karibu mno, tena pengine kwa ile nozeli inayozunguka. Lakeri imeondoka kwa mkono wenu na ni haki mteja alalamike. Rudi nyuma sentimita 30 na utumie mpigo mpana.

Video uliyoonyeshwa ni habari nyingine kabisa, na inanikera kidogo kwamba wanaoirusha huandika "maji yanakata chuma". Kinachokata pale ni mchanga.

Maji matupu ya presha kubwa yanakata vitu laini: sponji, karatasi, nepi za watoto, keki iliyogandishwa. Tangu miaka ya 1950 mhandisi wa misitu, Norman Franz, alikuwa akijaribu kukata mbao kwa mkondo mwembamba wa maji. Chuma kilisubiri mpaka mzaliwa wa Misri, Mohamed Hashish, alipojiunga mwaka 1979 na kampuni ya Flow huko jimbo la Washington, Marekani, akatafuta namna ya kuuingiza mchanga ndani ya mkondo. Namna yenyewe ni rahisi kueleza. Pampu inayapandisha maji hadi bar 4,000: mafuta ya haidroli ya bar 200 yanasukuma pistoni pana, na pistoni hiyo inasukuma nyingine ambayo eneo lake ni dogo mara ishirini, presha inazidishwa mara ishirini. Kwa presha hiyo hata maji, ambayo shuleni tuliambiwa hayabanwi, yanabanwa zaidi ya asilimia 10. Yanatokea kwenye kitundu cha theluthi moja ya milimita kilichotobolewa kwenye yakuti au almasi, kwa mwendo unaokaribia mita 900 kwa sekunde. Mkondo huo unapita kwenye chumba kidogo, unavuta hewa, na hewa inavuta mchanga mkavu kutoka pembeni, robo hadi karibu nusu kilo kila dakika. Vyote vinaingia kwenye mrija mwembamba wa tangsteni kabaidi, mchanga unashika kasi humo, unatoka na kula bamba.

Mchanga wenyewe ni ganeti, jiwe gumu lenye kingo kali. Ndiyo, ndugu mnyonge wa zile ganeti za bonde la Umba hapo mkoani kwenu na wa tsavorite ya kijani inayovaliwa shingoni. Hii ya viwandani ni nyekundu iliyofifia, inakuja kwenye magunia, na kwa kawaida inatumika mara moja na kuishia kuwa tope.

Linalonishangaza mpaka leo ni kiasi cha maji. Mashine ile inatumia kama lita tatu na nusu hadi nne kwa dakika. Wewe unatumia mara mbili yake! Nguvu inayotoka kwako ni kilowati 2, kwao ni 24 hivi. Tofauti kubwa iko kwenye upana wa tundu: lako ni kama milimita moja, lao theluthi, kwa hiyo kila milimita ya mraba inapokea kwao karibu mara mia ya inayopokea kwako.

Na chembe ya ganeti haifanyi kazi kama tone. Mwaka 1960 mtafiti Iain Finnie alieleza kwamba kwenye metali laini isiyovunjika ovyo, chembe inayokuja kwa kuinama inachimba kama patasi ndogo: inachonga unyoya mmoja wa chuma na kuondoka. Haichoshi, inakata. Ndiyo maana kioo, ambacho hupasuka, huliwa zaidi kinapopigwa wima, na chuma huliwa zaidi kinapopigwa kwa pembe ndogo, digrii 20 hadi 30. Ukikishika kipande kilichokatwa hivyo, sehemu ya juu ya ukingo ni laini kama msasa mzuri, ya chini ina mawimbi yaliyopinda kurudi nyuma, kwa sababu mkondo ulikuwa umechoka ukaanza kuburuta mkia. Na ni cha baridi. Kimekatwa sasa hivi na unakishika kwa mkono mtupu. Hapo ndipo thamani ya mashine ile ilipo: chuma hakibabuki, hakibadiliki ugumu wala hakipindi kwa joto. Mwendo wake si wa kujivunia. Bamba la milimita 25 linakwenda sentimita kumi hivi kwa dakika.

Haya, nozeli yako ya tundu dogo. Pampu yako ni ya pistoni. Kila mzunguko inatoa maji kiasi kilekile, tundu liwe dogo au kubwa. Ukilazimisha lita 8 zilezile zipite kwenye tundu la nusu ya upana, presha inapanda mara kumi na sita. Bar 150 mara 16 ni 2,400. Mota yako ya kilowati 3 haiwezi kutoa nguvu hiyo, na mpira wako haukutengenezwa kuibeba. Kitakachotokea ni kwamba vali ya kurudisha maji itafunguka, maji mengi yatazunguka ndani ya pampu, na kwenye nozeli utabaki na bar 150 zilezile za maji kiduchu. Umepoteza, hukupata. Najua kuna mafundi wanaokaza springi ya vali hiyo ili "iongeze nguvu". Usimruhusu mtu aiguse. Ile ndiyo inayozuia mpira usipasuke mkononi mwako.

Na mchanga usiupitishe kwenye pampu hata siku moja, utazila vali na sili zake kwa siku chache. Vipo vifaa vya kufunga mwisho wa bunduki vinavyovuta mchanga mkavu kwa mrija, baada ya pampu. Hivyo vinafanya kazi ya kung'oa kutu na rangi kwenye chasisi, na biashara hiyo unaweza kuifikiria. Ukishikilia sehemu moja kwa muda utatoboa hata bati. Utatoboa, lakini kukata geti hutakata. Fundi mwenye grainda atakuwa amemaliza na kupaka praima wewe bado unapekecha. Ukiamua kupiga mchanga, nunua ganeti au punje za takataka za tanuri za shaba, usichote mchanga mweupe wa mtoni: vumbi lake linaua mapafu pole pole na hakuna dawa ya kuyarudisha. Maji yanalipunguza vumbi, hayalimalizi. Vaa barakoa ya kichujio.

Jambo moja silisemi kwa utani. Ngozi ya binadamu si rimu. Presha ya bar 7 tu inatosha kuitoboa. Nikiwa kijana, kwenye karakana moja, mwenzangu aliziba kwa kidole mpira wa grisi uliokuwa ukivuja. Kilibaki kitobo kama cha sindano, hakikutoka hata damu ya maana, akacheka akaendelea na kazi. Usiku mkono ulivimba kama mkate wa kumimina. Walikiokoa kidole kwa upasuaji mara mbili. Maji ni nafuu kuliko grisi, lakini yanaingia na uchafu wa gari ndani ya nyama. Kijana wako akipigwa, hata kama ni kitobo tu na haumwi, nenda naye hospitali saa hiyohiyo na umwambie daktari maneno haya: ameingiwa na maji ya presha, bar 150. Usiseme "amejikata". Na mkanye asimwelekezee mwenzake bunduki, hata kumnawisha miguu yenye gambuti.

Sasa ile sentensi yako ya mwisho.

Maji ya kisima yana mchanga. Mchanga wa kawaida mwingi wake ni kwatzi, ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa mawe (1 hadi 10), wakati shaba nyeupe ya nozeli za bei rahisi ni kama 3 na chuma cha kawaida 4 au 5. Mchanga huo unapita kwenye vali za pampu, kisha unapita kwenye nozeli kwa zile mita 173 kwa sekunde, sambamba na ukuta, kwa pembe ndogo ileile anayoipenda patasi. Nikupe mfano wa nyumbani. Kituo cha umeme cha Kihansi, kule Udzungwa, maji yanashuka takriban mita 850 na kuzipiga turbini za Pelton, magurudumu yenye vikombe ukingoni. Presha yake pale chini haifiki hata bar 90, mwendo ni karibu mita 129 kwa sekunde. Kihansi inatoa megawati 180 kwa wingi wa maji, lakini mkondo wako una kasi kuliko wake. Na ulaji wa chuma kwa mchanga hupanda karibu na mwendo mara mwendo mara mwendo: kasi ikizidi mara mbili, ulaji unazidi mara nane. Kwa hesabu hiyo chembe ileile ya mchanga inauma kwako zaidi ya mara mbili ya inavyouma Kihansi. Huko Nepal, ambako mito ya masika hubeba kwatzi ya Himalaya, kuna turbini zinazotolewa na kukarabatiwa baada ya msimu mmoja. Wewe una nozeli ya shaba nyeupe na hujawahi kuitazama.

Ile hesabu ya mara kumi na sita inafanya kazi kinyumenyume pia. Tundu la milimita 1 likiliwa likafika milimita 1.1, tofauti ambayo jicho haliioni, bar 150 inashuka hadi karibu 100. "Imepungua nguvu kidogo" ni hiyo.

Fanya jaribio hili kabla hujamwita fundi. Chukua ndoo ya lita 20, piga maji ndani yake bunduki ikiwa wazi kabisa, na upime muda. Kwa lita 8 kwa dakika inatakiwa ijae kwa dakika mbili na nusu. Ikijaa kwa muda huo na nguvu bado ni ndogo, pampu yako ni nzima na nozeli ndiyo iliyoliwa. Nunua ya chuma kisichoshika kutu, ya namba ileile, usikubali "inafanana". Ikichukua dakika tatu na nusu au nne, vali au sili za pampu ndizo zimeliwa, au pampu inakosa maji ya kutosha kutoka kwenye tangi. Vyovyote itakavyokuwa, weka pipa la kutuliza kati ya kisima na mashine, uvute maji juu kidogo ya chini ya pipa na si chini kabisa, na ufunge kichujio kwenye mpira wa kuingilia. Baada ya wiki moja fungua kichujio, mimina kilichomo kwenye kiganja, ukisugue kwa kidole gumba.

Kisha niandikie ndoo imejaa kwa dakika ngapi.